Chupa ya Tatu

Nyuzi arobaini na mbili. Nimefunga kabati la joto,
wino umeshakauka juu ya vizibo:
ya kwanza, kibuyu cha mama, Mwamvita;
ya pili, kibuyu cha mke mwenzake, Mgeni;
ya tatu, wote wawili.

Makorora tulikuwa na milango miwili, jiko moja.
Maziwa yalikuja kwa baiskeli kutoka Pongwe, yakagawanywa kwa kikombe,
nusu kwa nusu, hata povu likihesabiwa.
Mtindi wa Mgeni uliwahi kuganda, mwepesi, unalia maji.
Wa mama ulichukua siku mbili, mkali wa kukunja uso.
Na wenyewe walizungumza kupitia kwangu:
"Mwambie mama yako mdogo chumvi imekwisha."

Chini ya hadubini Mgeni ni shanga,
mama ni vijiti.
Shanga zina njaa katikati ya karamu:
protini ni fundo nene, nazo hazina meno.
Vijiti vina meno (mama, utanisamehe),
vinakata kuliko vinavyoweza kula,
makombo yanaelea, shanga zinaokota.
Kisha shanga huimaliza ile hewa inayovikera vijiti,
hutema tindikali chembe, gesi kidogo,
na vijiti huinuka kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Hakuna upendo humo. Nimetazama sana.

Mwaka ule ukuta wa uani ulipolala kwa mvua
kilibaki chungu kimoja.
Walimimina, kila mmoja akitazama upande wake.
Asubuhi kijiko kilisimama wima.
Wateja wa Barabara ya Nane walirudi na vindoo,
asiulize mtu ni wa nani.

Saa ya nne. Chupa ya tatu imeganda,
zile mbili bado zinatikisika.
Naandika, naikimbiza kwenye friji,
maana najua kinachofuata:
uchachu ukipanda, shanga ndizo hunyamaza kwanza,
vijiti huendelea peke yao
kuchachua, kuchachua,
bila wa kumkatia.

Jana nilipita nyumbani. Mama alikuwa akipima maziwa,
nusu kwa nusu, vyombo viwili.
"Mwambie mama yako..." akaanza,
akakiweka kikombe chini.