Ufunguo wa Boti

Saa nane usiku Somoe Nampoto aligonga ringi la shule,
si mlio wa mapumziko: ule wa mfululizo,
tuliokubaliana kikaoni mwezi wa kumi,
kisha tukacheka, tukafunga kikao, tukala mihogo.

Mimi ndiye mtendaji wa kijiji.
Nilitoka na tochi na viatu visivyofanana.
Nguzo ya kupimia Lukuledi, ile yenye mistari myekundu,
haikuwa na mstari hata mmoja. Ilibaki kichwa tu,
kama mtu anayezama na hataki kuaga.

Nikampigia wa kata. Wa kata akampigia wa tarafa.
Wa tarafa akanirudia mimi: kaya ngapi?
Nikasema, watu wako juu ya mikorosho, gizani.
Akasema, wilaya watataka tarakimu.
Nikasema arobaini na moja.
Sikuhesabu. Mungu anisamehe,
asubuhi zilikuwa arobaini na tatu.

Wilayani walikuwa macho, siwasingizii.
Boti ilikuwa ya mkoa, imelala Lindi juu ya trela.
Mafuta yalikuwa ya wilaya, yamefungiwa stoo.
Nahodha alikuwa wa zimamoto, keshavaa, keshajifunga mikanda.
Na ufunguo wa boti
ulikuwa mfukoni mwa bwana mmoja aliyekwenda Dodoma
kwenye semina ya uratibu wa maafa.

Sikucheka. Nilicheka siku ya tatu.

Fomu ikaingia kwenye simu:
*Taja aina ya janga.*
Nikaandika: maji.

Ng'ambo ya mto ni wilaya nyingine.
Wao wana trekta, sisi tuna kamba,
na kwenye ramani mto ndio mpaka.
Usiku ule mpaka ulihama,
ukaingia jikoni kwa Fatu Mchopa,
ukachukua sufuria na mwiko, ukaacha kinu.

Chinguile wa trekta aliomba kibali kwa wakubwa zake.
Alisubiri dakika kumi na mbili, alinihadithia baadaye,
akitazama tochi zetu zikipungua moja moja.
Ya kumi na tatu hakuisubiri.
Kijana Likwata alivusha kamba, madumu matupu kifuani,
na mpaka alfajiri wilaya mbili zilikuwa zimefungwa fundo moja,
bila barua, bila nakala kwa yeyote.

Boti ilifika saa tano, nzuri, ya rangi ya chungwa.
Ilitufaa kutafuta.

Mzee Nang'ole tulimpata Jumanne.
Kwenye fomu ya mkoa alikuwa "hajapatikana".
Kwenye ya wilaya alikuwa "amehama".
Kwenye daftari langu alikuwa Saidi Nang'ole,
fundi baiskeli, anadai kijiji elfu nne za kuziba pancha.
Sijalifuta deni.

Wakaja wote kwenye tathmini:
kijiji, kata, wilaya zote mbili, mkoa, na wageni wa kutoka taifa.
Tukakaa ghala la korosho, juu ya magunia,
kwa kuwa viti navyo vilikwenda na maji.
Kila mmoja alieleza alivyofanya wajibu wake,
na kweli, kila mmoja alifanya.
Nilitafuta mwongo pale ndani, nikakosa.

Somoe akanyoosha mkono. Hakusimama.
"Ufunguo sasa hivi uko kwa nani?"
Walitazamana
kama watoto walioulizwa nani kavunja mtungi.

Zimechongwa tatu. Mmoja uko mkoani, mmoja zimamoto,
wa tatu unaning'inia msumarini karibu na ringi,
ufunguo wa boti ambayo hailali hapa;
Somoe anaupaka mafuta kila Ijumaa.
Namba ya Chinguile imeandikwa ukutani kwa rangi,
juu ya namba za wakubwa zake.

Jana wingu lilikaa upande wa Masasi, zito, halisogei.
Kabla sijapiga, simu yangu ikaita.
Sauti ya msichana, ya mkoani, siijui:
"Mtendaji, nguzo yako inasoma ngapi?"
Nikamwambia asikate.
Nikashuka na tochi, viatu safari hii ni pea,
nikamulika, nikaanzia chini,
mstari kwa mstari,
nikahesabu.