Mwendo wa Chai Moja

Shaame wa Kisauni hupiga simu: "Imeruka."
Mimi hapo hutia birika motoni.
Kwa kile kindege cha viti kumi na viwili,
Unguja hadi Chake ni mwendo wa chai moja:
majani, tangawizi, kipande cha boflo,
kisha niwafukuze mbuzi wa Bi Mafunda
wanaodhani lami ilimwagwa kwa ajili yao.
Nikifuta mdomo, mngurumo huo, upande wa Mkoani.

Watu huniuliza kilomita. Sizijui.
Miaka kumi na tisa napokea mizigo ya wenzangu,
nami nikivuka huvuka kwa meli, natapika hadi Malindi.

Jumanne ile Kazija alikuwamo,
katoka Mnazi Mmoja na mtoto wa siku tisa
ambaye sijamtia machoni.
Nikachemsha. Nikanywa. Nikafukuza mbuzi.
Kikombe kikakauka, machicha yakaganda chini,
na juu ya Mkoani wingu limekaa
kama mkwe asiyejua kuaga.
Mbuzi wakarudi, wakalala katikati ya lami
kama waliokwisha ambiwa.
Sikuwafukuza.

Simu.
"Imegeuza, Faki. Mvua. Wameshuka wote salama,
mwanao ananyonyesha hapa, kwenye benchi langu."
Nikasuuza kikombe.
Nikakisuuza tena.

Saa tisa akapiga: "Imeruka."
Safari hii sikuteleka kitu.
Nilikwenda kusimama pembeni, majanini,
mimi na mbuzi,
tukisikiliza.