Milimita

Walinialika kwa sababu ya daftari.
Miaka ishirini na sita napima mvua
nyuma ya vyoo vya shule, Kigogo,
saa tatu kamili asubuhi, Idi hata Krismasi.
Nainama, jicho usawa wa maji, naandika:
sita nukta mbili. Sufuri. Sufuri. Manyunyu yasiyopimika.

Ukumbini, kule Posta, kiyoyozi kilinigandisha vidole.
Mheshimiwa akasimama na picha ukutani:
jangwa, bunduki, kisima cha mafuta kinachowaka,
na mshale mwekundu ukitoka hapa kwenda pale.
Mafuta yameleta joto, akasema, joto likaleta ukame,
ukame ukaleta vita, vita vikapandisha nauli.
Makofi. Chupa za maji zikatetemeka mezani.

Baada ya chai akaja mwingine, mwenye tai ya bluu:
joto halihusiki kabisa, wanagombea mafuta tu,
nasi tukichimba ya kwetu tutalala milango wazi.
Makofi yaleyale. Mikono ileile.

Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeshika sambusa.

Msinielewe vibaya, joto nalijua.
Nalijua kwa bati la jikoni kwangu, kwa kanga
ninayoilowesha usiku wa Februari nijifunike.
Safu yangu ya Machi haifanani na Machi za mwanzo;
hilo liko kwa wino, na wino ni wangu.
Ninachouliza ni mshale.
Nani aliupima ule mshale?
Alisimama wapi, saa ngapi, na chombo gani?

Maana hata mimi nina vita daftarini.
Tarehe kumi na nne Aprili, mwaka wa ghala:
Mwinshehe alimpasua Kondo kichwa kwa beleshi,
ugomvi wa mtaro, maji yameshapanda kitandani.
Wa mbali angechora: mvua, kisha damu.
Siku ile nilipima kumi na moja.
Kumi na moja! Mvua ya kumfukuza kuku uani.
Mwaka uliotangulia zilinyesha tisini na nane kwa usiku mmoja,
na haohao wawili walibeba godoro moja,
huyu kichwani, huyu miguuni, wakitukanana kwa utani.
Katikati ya mvua hizo mbili
mtu alijenga ghala juu ya mkondo.
Kibali chake wanasema kilisainiwa Jumapili.
Wanasema. Hilo sikulipima,
kwa hiyo halimo.

Wakanipa kipaza sauti: Mama,
takwimu zako zinathibitisha, siyo?
Nikafungua. Nikasoma tarehe, nikasoma namba.
Nilipofika kwenye ghala mtu akakohoa,
na msichana wa mapokezi akanionyesha saa yake.
Jioni, kwenye tamko lao, mstari wa tisa:
*Jamii imethibitisha.*
Nikasaini posho. Elfu thelathini, sikatai.

Njiani foleni, na kituo cha mafuta pale Magomeni
kijana yuko juu ya ngazi anabadilisha bei.
Nikamuuliza, leo sababu ni nini?
Akacheka: Mama, mimi naletewa namba tu.

Usiku ikanyesha.
Saa tatu nikakuta milimita nne
na mbawa za kumbikumbi zikielea.
Nikazitoa moja moja kwa ncha ya kalamu, nikapima tena.
Nne.
Kumbikumbi nikawaandika pembeni,
bila mshale.