Mahali pa Kuiweka

Orrin Stadler, mshona ala za ngozi,
aliniambia nisimame wima, nipumue.
"Mwili wenyewe utasema," alisema,
akanifunga mkanda mgumu kama wa tandiko la farasi.
Mwili wangu una miaka sitini na mmoja.
Haujawahi kunyamaza.

Tulianza na nyonga ya kulia.
Nyonga hiyo ni ya chuma tayari,
niliwekewa huko Casper, mwaka wa theluji nyingi.
Chuma juu ya chuma: nikikaa kwenye gari
vinagombana kama mawifi.

Mbele, basi, chini ya kitovu?
Hapo pana kovu alipotolewa Karsten,
mstari mweupe usiovumilia hata mpira wa sketi.
Nikiinama kuokota funguo
kitako kinanichoma mbavu
na mtutu unatazama mahali
ambapo hakuna mwanamke anayetaka patazamwe hivyo.

Mgongoni, kwenye kile kibonde?
Orrin mwenyewe hakupapenda. Ukianguka chali
kwenye barafu, alisema, utavunjika uti.
Nilitikisa kichwa kana kwamba hiyo ndiyo sababu.
Lyle alikuwa akiweka kiganja hapo
tukiingia kanisani, tukiingia dansini,
tukiingia kwa daktari kusikia habari za mapafu yake.
Hapo pana mtu.

Kifundoni nina soksi za kubana mishipa.
Kwapani, nilifanana na mwizi wa kuku.
Mkobani? Mkoba ambao miwani yangu
huitafuta hadi taa ya barabarani igeuke kijani
na magari yaanze kunipigia honi?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Orrin hubeba yake tangu ujana, hajui tena kama ipo,
kama mtu asivyojua ulimi wake uko wapi mdomoni.
Mimi nilijua. Kila dakika nilijua.

Ilikuwa Oktoba, dakika kumi kabla ya kufunga.
Kijana alikuja kwenye kaunta ya dawa, jasho likimtoka
ilhali nje maji yalikuwa yameganda.
Alisema, "Tafadhali." Alisema mara mbili.
Nilimpa vidonge vyote, nikainua mikono,
na alipoondoka sikujua niishushe lini.
Bado sijui vizuri.
Nikilala naiweka chini ya mto. Kanisani naikalia.

Kwa hiyo ni nyuma kidogo ya nyonga ya kushoto,
kitako kikiinamia mbele,
sweta la Lyle juu yake, lililopwaya.
Mwezi mzima niliizoea ikiwa tupu, bila risasi:
nikiosha vyombo, nikisukuma theluji kwa koleo,
nikikaa, nikisimama, nikikaa,
mpaka nikaisahau kwa muda wa kunywa kahawa nusu kikombe.
Nusu kikombe! Nilijipongeza.

Jumamosi akaja Maren, ana miaka mitano.
Yeye hakumbatii, hugonga. Hukimbia kutoka mlangoni
na kichwa kikitangulia.
Tulisikia wote wawili ule mlio.
Alijishika paji la uso, hakulia.
"Bibi," aliuliza, "wamekuwekea mfupa mwingine?"

Nilisema ndiyo.

Walisema wahenga kikulacho ki nguoni mwako.
Kikulindacho hawakusema kikae wapi.

Jioni, sanduku likiwa limefungwa kwa namba zake,
nilisimama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni
wenye alama za penseli za urefu wake.
Alama ya mwaka huu ilinifika pale pale
penye wekundu ulioachwa na ala kwenye ngozi.
Mwakani itafika mbavuni.

Nilimpigia Orrin. Ana ala ya dereva,
ya mlinzi, ya mpanda farasi, ya mwenye tumbo.
Nilimuuliza ya mtu anayekumbatiwa.
Alinyamaza kidogo, nikasikia redio yake.
Kisha akasema atatazama stoo.