Bei Yangu ni kwa Herufi

Bei yangu ni kwa herufi. Nukta ni bure.
Karakana yangu iko Kamalondo, nyuma ya duka la sementi,
na shaba ninayochonga haikutoka mbali:
ukisimama mlangoni unaona kilima cheusi cha masazo ya tanuru
na bomba refu ambalo siku hizi halikohoi.

Mwaka ule chuo kilipopata Baraza jipya
waliniletea kazi ya vibao saba vya mezani.
Cha kwanza: KIBALABWE, MWENYEKITI.
Herufi tisa, mkato, herufi kumi.
Nikauliza, kama fundi anavyouliza:
mwaka wa kuingia nimeupata, wa kutoka je?
Karani akatazama viatu vyake.
"Sheria inasema miaka mitatu, ikirudiwa, sita.
Lakini wewe acha nafasi."
Nikaacha nafasi. Upana wa vidole viwili.

Jakaranda za njia ya chuo zimemwaga maua
mara kumi na tisa tangu siku ile.
Kibao hurudi kwangu kung'arishwa tu, si kubadilishwa.
Shaba ikikaa mno mahali pamoja huota ukijani,
hata uitandikie velveti.
Ninasugua kwa limau na chumvi,
na ile nafasi ya vidole viwili nayo naisugua.
Inang'aa kuliko jina.

Kisha vikaja vingine.
Mweka hazina: KIBALABWE, mdogo wake.
Katibu: jina la mume, halafu kistari,
halafu KIBALABWE tena, maana binti hakutaka lipotee.
Mjumbe wa wazazi. Mjumbe wa wafanyabiashara.
Mkono ukachoka. Nikakata kalibu ya bati,
K mpaka E kwa pigo moja,
nikawapunguzia bei. Mteja wa jumla ni mteja wa jumla.

Mwanangu Odila alisoma kemia kwenye chuo hicho.
Minervali yake ililipwa na herufi za watu hao, nasema kweli,
na bukari tulikula mara moja kwa siku, miaka mitano.
Alimaliza wa kwanza. Akaomba uasistanti.
Barua ilijibu kwa mistari miwili: nafasi hakuna.
Ijumaa ya wiki ileile karani akaja na agizo la kibao cha mlango,
Maabara ya Kemia, Asistanti,
na kabla hajamaliza kusoma
mkono wangu ulikwisha kuifuata kalibu ukutani.

Nilikichonga. Sitadanganya kwamba nilikataa.
Nilikichonga vizuri, pembe zote nne nikazilainisha
ili asijikate.

Odila yuko Kolwezi sasa, anapima madini ya watu,
anajua kwa jicho kile ambacho mizani inaficha.
Akipiga simu haulizi habari za chuo.
Anauliza kama bado navaa miwani ya kazi.

Jambo moja sijamwambia mtu.
Kila kibao cha Baraza kina mgongo,
upande ule niliougandisha kwenye kigogo cha mninga,
na huko, kwa sindano nyembamba, bila malipo,
nimeandika mwaka ambao kilipaswa kuondoka mezani.
Sina haraka.
Gundi nayo ina muhula wake.

Jana karani alirudi. Ameota mvi katika kazi hii.
Kibao kidogo, ofisi ya pili kushoto,
cha mjukuu, yule aliyemaliza sekondari Julai hii.
"Na cheo niandike nini?"
Akacheka kidogo, akahesabu noti mara mbili.
"Jina kwanza, mzee. Cheo acha nafasi."

Nikaishusha kalibu.
"Vidole vingapi?" nikamuuliza.