Nyuzi Tatu

Niliifunga kwa gazeti na soksi mbili za baba
nikaipeleka posta ya Arbroath siku ya manyunyu,
posta ileile aliyoitumikia miaka thelathini na mmoja,
na karani akaniuliza: kuna kitu cha kuvunjika ndani?
Nikasema hapana. Ni chuma.

Fimbo ya gofu, ile fupi, ya mwisho,
isiyopiga bali husukuma,
inayoubembeleza mpira hadi mdomoni mwa shimo.
Kutu ilikwisha kuitafuna shavu.
Mshikio wa raba ulikakamaa kama ganda la mkate,
na herufi za kiwandani zilijaa udongo
wa kila uwanja alioshindwa kwa pigo moja.

Fundi akanitumia fomu. Rhona Mutch, wa Kirkcaldy,
mwandiko umesimama kama uzio:
Ing'arishwe, au ififizwe?
Herufi zijazwe rangi gani?
Pembe ya mpini: ya kiwandani, au kama ilivyokuja?
Nikatia alama kwenye "kiwandani"
kabla hata sijavua koti.
Nani hupeleka kitu kwa fundi
akaomba kirudi na kilema chake?

Wiki sita.
Usiku niliiwazia huko: jiliwa limeibana shingo,
wembe unapasua raba, na chini yake raba nyingine,
na chini yake utepe wa kahawia wa kufungia vifurushi,
mali ya serikali, mzee wangu, mali ya serikali.
Kisha asidi. Kisha msasa,
mkali, laini, laini zaidi,
kisha ule moto mdogo unaokivika chuma weusi wa kunguru.

Ikarudi.
Niliona uso wangu shavuni mwake, pua imetanuka.
Kipya kinyemi, nikajisemea,
nikalaza kikombe cha chai mwisho wa zulia la ukumbini,
nikasimama nilivyofundishwa, nikasukuma.
Kulia.
Tena, kulia.
Mara kumi na nne mpira ukapita kando ya kikombe
kama mtu anayekwepa kumsalimu jirani anayemdai.

Nikampigia simu. Nikasikia daftari likifunuliwa.
"Ilikuja imesimama zaidi kwa nyuzi tatu," akasema.
"Nilidhani imegongwa mlangoni mwa gari.
Lakini mkunjo ulikuwa safi, bila ufa,
bila kovu la nyundo. Mtu aliupinda polepole,
kwa kipimo. Hufanya hivyo mtu asiyeweza kuinama.
Baba yako alikuwa na goti?"

Alikuwa nalo.
Barafu, baiskeli, kilima cha bandarini,
kifurushi cha Krismasi ambacho hakikupata hata mkwaruzo.
Alituambia limepona, nasi tukaamini;
kuamini kulikuwa rahisi kuliko kumtazama akipanda ngazi.
Wenzake wote waliinama juu ya mpira kama wanasoma barua,
yeye wima, kidevu juu, kama mlinzi wa lango.
Tulidhani ni maringo.
Mama alimwita Jemadari.

Nami nilijifunzia fimbo ile, nikiwa na miaka tisa.
Nikasimama alivyosimama.
Magoti yangu ni mazima, daktari amethibitisha,
na kwa miaka arobaini moja limekuwa likichechemea
kwa maumivu yasiyo yake.

"Irudishe," Rhona akasema. "Ni kazi ya dakika moja.
Namba ninazo hapa. Sikutozi."
Nikamwambia nitafikiri.

Nilipokata simu nikarudi kwenye zulia,
nikakunja magoti yote mawili,
kidogo, kwa aibu, kama mtu anayejaribu kiti cha mwenyewe,
nikasukuma.
Mpira ukaingia kikombeni moja kwa moja.
Ulilia kijiti kimoja cha kaure, kling,
sauti niliyokuwa nikiitaka asubuhi nzima,
na sikuipenda.

Soksi bado ziko mezani.
Sijaziosha.