Saa Moja

Kijana wa maswali, kaa hapa, si hapo,
hicho kiti kina msumari.
Unauliza televisheni hii naitazama saa ngapi kwa siku.
Ngoja nikuhesabie, na kishikwambi chako kingoje pia.

Asubuhi inawaka kabla ya moto wa jikoni.
Hiyo usiandike. Siitazami, inanitazama
nikivaa gambuti kwenda kwa ng'ombe.
Mhubiri wa alfajiri anapiga kelele sebuleni peke yake,
kuku wawili ndio waumini.

Nikienda kuchuma majani chai naiacha ikisema,
sauti juu, kufuli mlangoni,
mwizi adhani ndani mna wanaume wanaobishania bei ya sukari.
Hizo ni saa tano. Ni za mwizi.
Muandikie yeye.

Alasiri mvua ya Maragoli haikosi.
Inakuja na radi, nachomoa waya ukutani,
na hapo ndipo Mudeizi anapovuka ua na mwavuli wake
kuuliza yule msichana wa tamthilia,
yule anayesema Kiswahili huku mdomo wake ukisema jambo lingine,
ameolewa au bado?
Namwambia bado. Wiki ya nne, bado.
Tunamhukumu mama mkwe wake tukichambua mrenda,
skrini nyeusi, sisi wawili ndani yake, tumevimba kidogo.
Huko nako ni kutazama?

Stima ikikatika, Vihenda hunitumia tokeni kutoka Eldoret,
tarakimu ishirini,
nazibonyeza nikiwa nimevaa miwani ya baba yake.

Unaandika nini? Bado sijajibu.

Huyo pichani ni Kisia.
Karani wa mizani, kituo cha kununulia chai,
mtu wa kubishana na taarifa ya habari
mpaka mate yanamfikia waziri usoni.
Kisha kiharusi kikamkalia upande wa kulia,
kikamfunga ulimi kama ndama.
Miezi minane. Nikimwita, macho tu.
Uji au chai? Macho tu.
Daktari wa Mbale akasema, mwongeleshe.
Nikaongea hadi sauti yangu ikanichosha mwenyewe.

Jioni moja, sufuria ya kunde mkononi,
mtangazaji akapanga karatasi zake, akasema, hamjambo.
Na nyuma yangu mtu akajibu,
hatujambo.

Kunde zilimwagika. Sikuziokota mpaka asubuhi.

Usidhani nilifurahi tu. Nilikasirika.
Miaka thelathini na sita namsalimu mimi,
leo anamwitikia mwanamume wa tai, aliye Nairobi,
asiyejua hata mlango wetu unatazama wapi.
Kesho yake ilipogonga saa moja nikazima sauti,
nikasimama kando ya televisheni,
tai ya harusi yake shingoni, juu ya leso,
nikasema, hamjambo.

Akanitazama. Akaitazama tai.
Hatujambo, akasema. Halafu polepole,
kama mtu anayevuka mto kwa mawe:
habari... za... ng'ombe?

Ndivyo nilivyokuwa mtangazaji wa nyumba hii
mwaka mmoja na miezi miwili.
Nilimsomea yote: bei ya maziwa, nani kajifungua,
hali ya hewa Chavakali, mguu wa ndama.
Michezo sikuwa nayo.

Tulimzika Aprili. Kaburi lilijaa maji mara mbili
na vijana wakayateka kwa ndoo.

Basi andika: saa moja.
La, si saa moja ya kuhesabu. Saa moja ya jioni,
giza likishuka kwenye yale mawe makubwa kule juu.
Kinakataa? Kinataka namba tu?
Haya, tia moja.

Yule wa tai bado huja, bado husema hamjambo.
Mimi sijibu haraka.
Namwachia nafasi mwenzangu kwanza.

Chai imeiva. Sukari vijiko vingapi?
Wewe hilo nijibu upesi.